Kimechipua, lakini kina mizizi?

Swali, kwa ufupi: Msomaji wa Kisauni, Mombasa, alikata vijiti 24 katikati ya Februari: vya mkomamanga 12, vya mtini 8 na vya msanapichi (frangipani) 4. Alivichomeka siku hiyo hiyo katika mifuko myeusi ya miche iliyojazwa udongo na samadi, akavipanga uani penye jua, akawa anavimwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili karibu vyote vilichipua. Leo ni mwanzo wa Aprili, majani yamenyauka na kupukutika, na hajui avitupe au avingoje. Msanapichi wenyewe, mti mama, uko uchi tangu Januari na jirani amemshauri aukate. Na kaka yake anayeishi Hamburg ana mtini kwenye chungu, umetoka kwenye majira ya baridi ukiwa matawi matupu, naye anauliza lilo hilo: utajuaje kama mti bado u hai?

Jibu:

Dada, maswali yako matatu ni swali moja. Kote umeyangojea majani yakupe habari, na katika jambo hili majani ni shahidi mbaya. Kijiti chaweza kuvaa majani mabichi hali chini kimeshaoza, na tawi laweza kukaa miezi mitatu bila jani hata moja likawa zima kabisa. Habari ya kweli iko chini ya gome na chini ya udongo, na huko ndiko tutakakotazama.

Kwanza ujue kwa nini vijiti vyako vilichipua kisha vikanyauka. Kijiti unapokikata kina akiba yake ya wanga na maji, na kina macho yaliyokwisha kuumbika tangu kikiwa juu ya mti. Jicho halihitaji mzizi ili lifunguke. Likipata joto na ile akiba, linatoa majani. Mizizi ni kazi ndefu zaidi: sehemu iliyokatwa chini hufanya kwanza uvimbe mweupe wa kuziba kidonda, kisha mizizi hutunga karibu na hapo, na kwa mkomamanga na mtini hilo huchukua wiki nne hadi nane. Basi macho yalikutangulia. Majani yalifunguka wiki ya pili yakaanza kutoa maji hewani mchana kutwa, na chini hapakuwa na kitu cha kuyarudisha. Akiba ilipokwisha yakanyauka yote kwa pamoja. Watu wengi wanapoona majani hufurahi, wakakitoa kijiti kivulini na kuongeza maji. Hapo ndipo kilipo hatarini zaidi kuliko siku yoyote nyingine.

Katika nchi za baridi wakulima hukata vijiti vya miti iliyolala baina ya Novemba na Februari, wakaviweka mahali ambapo chini pana vuguvugu na juu pana ubaridi. Macho yanaendelea kulala huku mizizi inatunga. Sisi wa Mombasa hatuwezi kuyalaza macho. Februari, kaskazi ikivuma, mchana hufika nyuzi 32 au 33 na usiku haupoi vya kutosha. Joto la chini, ambalo wenzetu hulilipia umeme, tunalo bure. La juu ndilo linalotuharibia. Kwa hiyo mbinu zote za kuotesha vijiti Pwani zina shabaha moja, kuchelewesha juu na kuharakisha chini, na hufanyika kwa kivuli, kwa unyevu wa hewa, kwa kupunguza majani na kwa kuchagua majira.

Sasa makosa yaliyokuwamo katika upandaji wako, maana hayakuwa ya Februari peke yake. Mfuko mweusi ukipigwa na jua la saa nane mchana, udongo ulio pembeni huwa moto kuliko hewa, na sehemu ya chini ya kijiti ambayo ingetunga mizizi hupikwa. Samadi nayo haina faida kwa kitu kisicho na mdomo: kijiti kisicho na mizizi hakili. Ikiwa samadi haijaiva vizuri hutoa joto na hewa kali ya amonia, na daima huja na vijidudu vya kuozesha ambavyo huingia kwa kidonda kile cha chini. Kumwagilia mara mbili kwa siku kulijaza maji mahali ambapo hewa ingekaa, na mizizi inayotunga huhitaji hewa kama sisi.

Lakini ninalolishuku zaidi ni maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na vya mwambao vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na mwamba huo hupitisha maji ya bahari. Kiangazi kikikaza na watu wakivuta maji mengi, chumvi hupanda. Mti mkubwa, hasa mkomamanga, huvumilia kiasi. Mzizi mchanga wenye unene wa uzi hauvumilii: chumvi iliyo nje huuzuia kuvuta maji, na ncha hubadilika rangi ya kahawia ndani ya siku chache. Na kila unapomwagilia, maji huenda hewani chumvi ikabaki mfukoni, kwa hiyo mwezi wa pili huwa mbaya kuliko wa kwanza. Onja maji yako. Ulimi ukisikia hata chumvi kidogo, hayafai kwa vijiti. Tumia ya mvua, ambayo sasa masika yanakuletea juu ya bati lako, au ya mfereji. Maji ya mkokoteni yaonje kila mtungi, kwani hujui yametekwa kisima gani.

Sasa vijiti vyenyewe. Usivitupe kabla hujavikagua, na usiving'oe vyote kwa pupa. Chukua kisu kidogo chenye makali, ukifute kwa spiriti. Anza juu kabisa ya kijiti ukwangue gome la nje tu, mkwaruzo wa nusu sentimita. Ukiona kijani chenye unyevu, hapo pana uhai. Ukiona kahawia kavu, hapo pamekufa. Shuka sentimita tano ukwangue tena. Ni kawaida ncha kufa na katikati kuwa kijani. Ukifika penye kijani kata sehemu yote iliyo juu yake, sentimita moja juu ya jicho la kwanza lililo zima. Ikiwa umeshuka hadi usawa wa udongo na bado ni kahawia, kijiti hicho kimekwisha.

Hapa kuna mtego. Kijani cha chini ya gome kinakuambia kwamba mti wa kijiti u hai. Hakikuambii kwamba kina mizizi. Kijiti cha mkomamanga kwenye kivuli chaweza kubaki kijani miezi miwili kwa akiba yake tu. Kwa hiyo vile vilivyo kijani vishike kwa vidole viwili uvivute juu taratibu, kwa nguvu ile ya kuchomoa uzi kwenye nguo bila kuukata. Kikikataa, kuna mizizi; kiache, kihamishie kivulini, ubadili maji, basi. Kikitoka, tazama chini yake. Uvimbe mweupe mgumu ni dalili njema: kirudishe katika mchanga mpya, kina nafasi. Chini pakiwa peusi, laini na penye harufu, kata kidogo kidogo kupanda juu hadi uso wa kata uwe mweupe au kijani wote, bila hata nukta ya kahawia katikati. Ukibakiwa na sentimita 12 zenye macho matatu, panda tena. Chini ya hapo usijisumbue.

Kwa ulivyoeleza, nisingetarajia vingi kuwa hai kati ya vile vya mkomamanga na mtini. Vile vinne vya msanapichi vina matumaini zaidi, maana vijiti vyake ni vinene na hubeba maji mengi. Vibinye. Kikiwa kigumu, hata kama gome limejikunyata, ni kizima. Kikibonyea kama ndizi iliyoiva sana, kimeoza ndani.

Na hivyo hivyo kwa mti mama. Usiukate! Msanapichi ni mti wa kupukutisha majani wakati wa ukavu, ndivyo unavyojihifadhi. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi Mombasa, na mti uliosimama uchi tangu Januari hadi sasa umefuata desturi yake. Ukague hivi: binya ncha za matawi matano au sita ya pande mbalimbali, zikiwa ngumu endelea. Kwangua kidogo gome la kijivu, chini yake utakuta kijani na tone la maziwa. Vaa glavu, au uoshe mikono mara moja, kwani maziwa ya msanapichi huwasha ngozi na ni hatari machoni. Usizungushe mkwaruzo ukalivika tawi pete, na usikwangue mahali pengi kwa udadisi. Kila kidonda ni mlango wakati wa mvua. Tawi moja likiwa laini au limekuwa tupu ndani, likate hadi kwenye nyama nyeupe safi, mengine uyaache. Mvua zikishashika, upe wiki nne hadi sita kabla hujatoa hukumu. Na wakati uko uchi usiumwagilie kwa huruma: mti usio na majani hunywa kidogo sana, na maji yanayotuama huozesha mizizi yake. Miti mingine ya hapa yenye tabia hiyo ni mbuyu, na kwa kiasi fulani mforosadi na mkomamanga wako, ambao katika kiangazi kikali hupunguza majani bila kuyamaliza.

Mtini wa Hamburg una hesabu nyingine kwa sababu kule usingizi ni wa baridi kali. Mtini uliolala vizuri huanza kuumia mbao zake baridi ikishuka karibu nyuzi 7 hadi 10 chini ya sifuri, na vitawi vya mwaka huo hutangulia kufa kabla ya matawi ya zamani. Mwambie kaka asikague siku ya pili baada ya barafu. Tawi lililouawa na baridi hubaki kijani kwa siku kadhaa; ile kahawia hutokea baada ya kupata joto. Akate vitawi viwili vitatu vya sentimita 20, avitie kwenye glasi ya maji ndani ya nyumba yenye joto kwa siku tano hadi saba, ndipo akwangue. Kisha achukue wembe akate jicho katikati, kama unavyokata kitunguu. Moyo wa kijani ni uhai, moyo mweusi au wa kahawia ni kifo. Jicho likifa tawi laweza kuwa bado zima na likachipua kwa macho mengine yaliyojificha chini ya gome.

Jambo asilolifikiria ni chungu. Mti uliopandwa ardhini mizizi yake hukingwa na ardhi. Ule wa kwenye chungu mizizi imetengwa na baridi kwa ukuta mwembamba tu, na mizizi huumia kwa baridi ndogo kuliko ile inayoua matawi. Kwa hiyo yaweza kuwa matawi ni kijani, macho ni mazima, mti ukachipua Aprili au Mei, kisha mwezi wa Juni ukanyauka wote kwa siku chache. Dada, si ndiyo kadhia ya vijiti vyako? Juu kuna akiba, chini hakuna kitu. Autoe mti chunguni polepole na bonge lake la udongo, atazame mizizi ya pembeni. Iliyo hai ni migumu, na ukiikwangua ndani ni myeupe au rangi ya maziwa ya mgando. Iliyokufa ni ya kahawia nzito, laini, na ukiivuta ganda lake hutoka likabaki uzi. Ikiwa nusu ya mizizi imekufa, aipogoe, arudishe mti kwenye udongo mpya na apunguze matawi kwa kiasi hicho hicho, ili juu pasidai zaidi ya chini panavyoweza kulipa. Na hata matawi yote yakiwa yamekufa, asiutupe mpaka katikati ya Juni. Mtini una tabia ya kuchipua tena kutoka shinani, na kwa kuwa mitini mingi huoteshwa kwa vijiti bila kupandikizwa, chipukizi hilo huwa la aina ile ile na litazaa tini zile zile.

Turudi Kisauni, maana utataka kujaribu tena. Vijiti vya msanapichi vikate sasa hivi, kabla macho hayajafunguka kwa mvua. Mkomamanga na mtini ungoje Juni hadi Agosti: kusi inavuma, mawingu ni mengi, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 20, na huo ndio ubaridi pekee tunaopata wa kuyashikilia macho.

Kata asubuhi mapema. Chagua tawi la mwaka uliopita, lililokomaa rangi, unene wa penseli hadi kidole kidogo, si ncha laini ya kijani na si gogo la zamani. Machipukizi marefu yanayotoka shinani kwa mkomamanga ni mazuri sana. Kila kijiti kiwe cha sentimita 20 hadi 25 chenye macho manne hadi sita. Chini kata sawasawa, palepale chini ya jicho, kwani karibu na kifundo ndipo mizizi hupenda kutoka. Juu kata mshazari, sentimita moja juu ya jicho: maji hayatatuama, na hutakosea ncha ipi ni ya juu. Kosa hilo hutokea sana kwa vijiti vya mtini visivyo na majani. Kijiti kilichogeuzwa hakitungi mizizi ipasavyo, kwa kuwa kichocheo cha mizizi husafiri ndani yake kutoka juu kwenda chini na hukusanyika kule kulikokuwa chini ya mti, haidhuru wewe umekigeuzaje. Toa majani yote isipokuwa mawili ya juu, nayo uyakate nusu. Utomvu wa mtini uoshe kwa maji na ukiache kijiti kivulini saa chache. Usiuache mkononi ukaingia juani, unaunguza ngozi. Vya msanapichi viwe vya sentimita 30 hadi 40, na vikauke kivulini siku 7 hadi 14 mpaka uso wa kata uwe na ganda gumu. Kuvichomeka siku hiyo hiyo ni kuvialika vioze.

Maduka ya pembejeo huuza unga wa kuotesha mizizi. Homoni iliyomo kwa kawaida ni ile iitwayo IBA. Kwa vijiti vya mti mgumu tafuta ya asilimia 0.3 hadi 0.8. Mimina kidogo pembeni, usichovye kwenye mkebe wenyewe. Chovya sentimita mbili za chini, kisha kigonge kijiti kidogo uanguke uliozidi, kwani ukizidi huunguza na kufanya chini pawe peusi. Mtini huota hata bila unga huo. Kwa mkomamanga unasaidia. Asali haina homoni ya mizizi, mimi nisingeipoteza hapo.

Cha kupandia kiwe sehemu mbili za mchanga wa mtoni na moja ya vumbi la makumbi ya nazi. Mchanga wa ufuoni una chumvi na makombe, uache. Makumbi nayo yaangalie: yale yaliyofukiwa kwenye matope ya pwani kwa ajili ya kusokota kamba yameloa maji ya bahari. Hata ya shambani yaroweke usiku kucha na kuyakamua mara tatu, mpaka maji yanayotoka yasiwe mekundu. Changanya, loanisha, kisha bana konzi moja: litoke tone moja au mawili, si zaidi. Mifuko iwe na kina cha sentimita 20 na kuendelea, na matundu ya kutosha. Toboa shimo kwanza kwa kijiti kingine ili unga usikwanguke, zika theluthi mbili, yabaki macho mawili nje, shindilia kwa vidole. Msanapichi uzike sentimita 8 hadi 10 na kuufunga kwenye kiegemeo, kwa maana ukiyumba hukata mizizi yake inayotunga. Panda mara mbili ya idadi unayoihitaji.

Iweke mifuko juu ya meza au matofali, mchwa wa Mombasa hawapuuzi kijiti kikavu. Kivuli kiwe cha makuti yaliyoachana au wavu unaozuia nusu ya jua. Jua la moja kwa moja lisizidi saa tatu asubuhi. Vijiti vya mkomamanga na mtini vifunike kwa chupa ya plastiki ya lita tano iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa wazi ili joto litoke. Msanapichi usiufunike. Mwagilia pale sentimita mbili za juu zinapokauka, na kivulini hilo huwa kila siku ya pili hadi ya nne. Siku zenye upepo nyunyizia majani tu.

Macho yakifunguka wiki ya pili, usibadilishe chochote. Machipukizi yakizidi mawili, ng'oa yaliyobaki. Ngoja wiki ya sita ndipo uvute kama nilivyoeleza, au utazame matundu ya chini. Dalili ninayoiamini zaidi ni majani ya awamu ya pili: yale ya kwanza yalitoka kwenye akiba, lakini kijiti kinachotoa majani mapya baada ya hayo, na yakasimama imara saa nane mchana bila kulegea, kinakunywa chenyewe. Hapo ndipo udongo wenye samadi iliyoiva una kazi. Kihamishe bila kutikisa bonge, kiache kivulini wiki mbili, kisha kizoeshe jua kidogo kidogo. Vijiti vya Juni vitakuwa tayari kwenda ardhini mvua za vuli zikianza Oktoba au Novemba, katika shimo la sentimita 60 kila upande ulilotoa mawe ya matumbawe.